Safari ya Polepole katika Jangwa la Simpson

Mtu akitazama ramani ya dunia, ataona upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi nchi kubwa iliyozungukwa na bahari pande zote. Nchi hiyo ndiyo Australia. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 7,700,000 hivi, hata nchi ya Tanzania yaweza kuingia ndani yake mara nane. Walakini watu wake ni kama 27,000,000 tu, nao hawafiki nusu ya watu wa Tanzania. Tena walio wengi hukaa karibu na pwani, katika miji kama Sydney, Melbourne na Perth. Mtu akiiacha pwani na kuelekea kati ya nchi, mashamba hupungua, kisha miti hupungua, na mwisho hubaki mawe, mchanga mwekundu na majani makavu. Kutoka nyumba moja mpaka ya pili huenda ikawa mwendo wa saa nyingi kwa motokaa.

Katika nchi hiyo kavu, mahali yanapokutana majimbo matatu ya Queensland, South Australia na Northern Territory, pana jangwa liitwalo Simpson. Vilima vya mchanga vipatavyo 1,100 vimejipanga humo sambamba, kama matuta ya viazi shambani, na vingine vyaenda zaidi ya kilometa 100 bila kukatika. Kila mwaka, katika miezi ya baridi, watu hulivuka jangwa hili kwa motokaa, wala si kwa biashara, ila kwa kutaka kuiona nchi yenyewe. Motokaa zao ni za namna ambayo injini huyasukuma magurudumu yote manne, kwa maana motokaa isukumwayo kwa magurudumu mawili tu hujichimbia shimo mchangani na kukaa humo. Upande wa magharibi safari huanzia Mount Dare, penye nyumba ya wageni na mafuta; upande wa mashariki huishia katika mji mdogo wa Birdsville. Kati yake ni kilometa 500 hivi, wala hapana duka wala mahali pa kununua mafuta.

Kilometa 500 juu ya barabara ya lami ni kazi ya siku moja. Jangwani humo msafiri mwenye busara huipa kazi hiyo siku saba. Jambo hili huwashangaza wengi, kwani yawaje mtu akawie mahali pasipo maji? Je, si afadhali apite upesi, atoke? Habari za watu waliotangulia katika nchi ile zatoa jibu.

Tarehe 20 Agosti 1860 msafara mkubwa ulitoka Melbourne, wenye ngamia, farasi, magari na masurufu mengi sana. Mkubwa wake alikuwa Robert O'Hara Burke, na kazi aliyopewa ilikuwa kuvuka nchi nzima tangu kusini mpaka bahari ya kaskazini. Burke alikuwa shujaa, lakini hakuwa mtu wa subira. Alijua ya kuwa msafiri mwingine, John McDouall Stuart, anajaribu safari hiyohiyo kutoka upande wa Adelaide, naye hakutaka kutanguliwa. Basi aliugawa msafara, akawaacha nyuma watu na mizigo iliyokwenda polepole, akakimbilia mbele mpaka kijito kiitwacho Cooper Creek. Hapo aliugawa tena. Alimwacha William Brahe na watu wachache kulinda akiba, na tarehe 16 Desemba, katikati ya majira ya joto kali, akaondoka kwenda kaskazini pamoja na Wills, King na Gray.

Walifika karibu na bahari mwezi wa Februari 1861, wakarudi wamedhoofika. Gray alikufa njiani, na wenzake watatu wakakaa siku nzima kumzika, kwa kuwa hawakuwa na nguvu za kuchimba. Jioni ya tarehe 21 Aprili walijikokota mpaka kambini kwa Brahe, wakaita, pasiwe na mtu wa kuitika. Brahe alikuwa amewangoja zaidi ya miezi minne, naye aliondoka asubuhi ya siku ileile. Juu ya gome la mti palikuwa pamechongwa maneno ya kuwaambia wachimbe chini; wakachimba, wakapata chakula kidogo na barua. Kabla ya mwezi wa Julai kwisha, Burke na Wills walikuwa wamekwisha kufa. King peke yake alipona, kwa kuwa wenyeji wa kijito kile, kabila la Wayandruwandha, walimpokea wakamlisha mpaka watu wa kumtafuta walipofika mwezi wa Septemba.

Ama Stuart, yeye alikwenda kwa namna nyingine. Kila alipoona maji hayatoshi alirudi nyuma, akangoja, akajaribu tena mwaka uliofuata kwa njia nyingine. Aliiona bahari ya kaskazini mwezi wa Julai 1862, akarudi Adelaide na watu wake wote. Katika safari zake sita hakufa mtu wake hata mmoja.

Basi mwendo wa polepole una faida, walakini hautolewi bure. Kila siku inayoongezwa yataka maji yake, na maji ni mazito. Hapo ndipo kazi ya kupanga safari inapoanza, nayo ni kazi ya kalamu na karatasi, mezani, nyumbani, miezi kadha kabla ya kuwasha injini.

Kwanza huhesabiwa siku. Tuseme wasafiri ni wawili. Wakienda kilometa 70 au 80 kila siku, watahitaji siku saba. Juu yake huongezwa siku tatu za akiba, kwa ajili ya mvua, au ugonjwa, au chombo kuvunjika. Jumla siku kumi. Katika nchi ile mtu mmoja huwekewa lita 10 za maji kwa siku, za kunywa, kupikia na kunawa kidogo. Watu wawili kwa siku kumi ni lita 200, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Hizo ni kilo 200, na chakula bado hakijapakiwa. Kama wangekimbia na kuvuka kwa siku nne, pamoja na akiba zingekuwa siku saba, na maji lita 140. Upole wao basi umewagharimu kilo 60, nao hawana budi kujua watazitoa wapi kilo hizo.

Kisha huhesabiwa mafuta. Motokaa inayotumia lita 14 za dizeli kwa kilometa 100 za barabara njema yaweza kutumia 25 katika mchanga mlaini, maana hupanda na kushuka kutwa katika gia za chini. Kwa kilometa 500 ni lita 125. Na akiba ya kuzungukia mahali palipofungwa yafikisha lita 160, ambazo uzito wake ni kilo 135 hivi. Wasafiri wenyewe, tuseme kilo 150 kwa pamoja. Maji, mafuta na watu ni kilo 485. Ikiwa motokaa yao imeruhusiwa kuchukua kilo 750, zimebaki 265 tu za chakula, hema, matandiko, majembe, jeki, kamba za kuvutia, magurudumu mawili ya akiba, na vifaa vya ufundi. Hapo ndipo meza za kukunja na viti vya anasa vinaposhushwa. Motokaa iliyojaa kupita kiasi huvunja springi zake katika makorongo madogomadogo ya njia, na kuletewa gari la kuvuta kutoka Birdsville ni gharama inayoweza kupita bei ya safari yote. Tena maji hayawekwi katika pipa moja. Huwekwa katika madumu mengi, ili moja likitoboka, mengine yabaki.

Hesabu ya mafuta haifai kukisiwa kwa habari za motokaa ya mtu mwingine. Msafiri hupima yake mwenyewe, ikiwa imepakiwa mzigo wote, katika mchanga wa karibu na nyumbani, kwa kuwa kosa dogo likizidishwa mara nyingi huwa kubwa. Jangwa lenyewe lina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1880 mpima nchi mmoja, Augustus Poeppel, alisimamisha nguzo mahali majimbo matatu yanapokutana. Baadaye ilionekana kuwa mnyororo wake wa kupimia ulizidi urefu kwa inchi moja tu. Lakini alikuwa ameulaza chini mara maelfu, hata nguzo yake ikakosea mahali pake kwa mita 300 hivi, ikabidi ihamishwe. Pembe hiyo yaitwa kwa jina lake hata leo, na wasafiri wote husimama hapo.

Baada ya hesabu huja majira. Australia iko kusini ya mstari wa ikweta, kwa hiyo Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yao ya baridi, kama kipupwe cha kwetu. Wakati huo jua la jangwani ni la kupendeza, ingawa usiku maji huweza kuganda ndani ya sufuria. Miezi ya Desemba na Januari ni habari nyingine. Mjini Oodnadatta, upande wa kusini-magharibi wa jangwa, tarehe 2 Januari 1960 palipimwa joto la nyuzi 50.7. Kwa sababu hiyo serikali huifunga hifadhi ya jangwa tangu tarehe 1 Desemba mpaka tarehe 15 Machi, na katika miezi mingine msafiri hununua kibali kabla ya kuingia. Mvua ni haba, chini ya milimeta 200 kwa mwaka; lakini ikinyesha, udongo ulio kati ya vilima huwa kama sabuni, na hapo hapana dawa ila kukaa kambini mpaka ukauke. Hata mbingu zikiwa safi, kijito cha Eyre Creek, karibu na mwisho wa safari, huweza kufurika kwa mvua iliyonyesha mbali sana kaskazini majuma mengi nyuma. Msafiri hufika akakuta mto mahali ambapo ramani yaonyesha mchanga, akalazimika kuzunguka. Zile siku tatu za akiba kazi yake ndiyo hiyo.

Upande wa kuanzia nao huchaguliwa. Upepo umevijenga vilima hivi hata ubavu wa magharibi ukawa wa kuteremka taratibu, na ubavu wa mashariki ukawa mkali. Kwa hiyo aendaye kutoka magharibi hupanda upande ulio mwepesi. Tena vilima vya mwanzo ni vidogo, na kadiri aendavyo mashariki hukua, hata kile cha mwisho, karibu na Birdsville, kiitwacho Nappanerica au Big Red, urefu wake hufika kama mita 40. Msafiri huwa amejifunza siku sita kabla ya mtihani huo.

Siri ya kupanda mchanga si nguvu ya injini. Ni upepo ulio ndani ya tairi. Tairi iliyojazwa sana ni ngumu kama gurudumu la mbao; hukata mchanga na kuzama. Upepo ukipunguzwa kufikia nusu ya ule wa barabara ya lami, tairi hulegea, hujinyosha, na kukanyaga mahali pana, kama unyayo wa ngamia. Motokaa hupanda kwa utulivu, na njia nayo haiharibiki kwa ajili ya wajao nyuma. Mwenye haraka haoni vema kusimama dakika 20 kulegeza matairi manne. Badala yake hukimbilia kilima kwa mwendo mkali, aruke juu ya kilele, asijue kama kuna mwenzake anayepanda kwa upande wa pili. Kwa sababu ya hatari hiyo kila motokaa hulazimishwa kuchukua mlingoti wenye bendera ya rangi kali, mita tatu na nusu juu ya ardhi, ili bendera ionekane kileleni kabla ya motokaa. Pampu ya kujaza upepo tena ni lazima ichukuliwe, maana barabara ya mawe yangoja ng'ambo.

Wala isidhaniwe kuwa jangwa hili halikuwa na wenyewe. Wawangkangurru walikaa humo tangu zamani zisizohesabika. Walichimba visima vyembamba, vilivyoitwa mikiri, vikishuka mita kadha mpaka kwenye maji machache yaliyokaa chini ya mchanga, na kila mtoto alijifunza mahali pa kila kisima. Mwishoni mwa karne ya 19 walitoka jangwani kwenda kukaa karibu na mashamba ya ng'ombe na misheni. Mwaka 1936 Ted Colson alipolivuka jangwa zima kwa ngamia, Mzungu wa kwanza kufanya hivyo, hakwenda peke yake. Aliongozana na Peter Ains, mwenyeji wa nchi za ndani. Motokaa ya kwanza ilivuka mwaka 1962, nayo iliendeshwa na mtaalamu wa mawe Reg Sprigg, pamoja na mkewe na watoto wao wawili. Mwaka uliofuata kampuni ya Kifaransa iliyotafuta mafuta ya ardhini ilikata njia moja kwa moja juu ya vilima, na njia hiyo hufuatwa mpaka leo. Visima vya mikiri vimefukiwa na mchanga. Msafiri asiviweke katika hesabu yake. Chemchemi za Dalhousie mwanzoni mwa safari zina maji ya moto ya kuoga, na humo wasafiri hukaa wakijinyosha, lakini madumu hujazwa kabla ya hapo.

Laweza kutokea jambo ambalo hesabu haikulikinga: injini kufa, au njia kupotea. Hapo sheria ni moja, nayo ilinunuliwa kwa uhai wa watu. Mwezi wa Desemba 1963 jamaa moja ya watu watano walipotea kusini ya Birdsville, katika njia ya kwenda Marree, wakaishiwa petroli. Waliacha barua juu ya motokaa, wakaenda kutafuta maji kwa miguu katika jua la majira yale. Wote watano walikufa. Motokaa ni kitu kikubwa, huonekana kutoka angani, na hutoa kivuli. Mtu juu ya mchanga haonekani. Kwa hiyo aliyeharibikiwa hukaa na motokaa yake na maji yake, akangoja.

Angojea nani? Zamani hapakuwa na wa kungojewa. Mchungaji John Flynn, wa kanisa la Presbiteri, alizunguka nchi za ndani akaona makaburi ya watu waliokufa kwa kukosa daktari tu. Mwaka 1912 alianzisha misheni ya nchi za ndani, na mwaka 1928 daktari wa kwanza akaruka kwa eropleni kutoka mji wa Cloncurry kwenda kuwatibu watu mashambani. Lakini mgonjwa angemwitaje? Fundi Alfred Traeger akatengeneza simu ya upepo iliyopata nguvu zake kwa kukanyagwa, kama fundi nguo akanyagavyo cherehani, hata mama wa nyumba aliye peke yake aliweza kuita. Kazi ya namna hiyo ilianzishwa na kwetu Afrika ya Mashariki, mjini Nairobi, mwaka 1957. Siku hizi msafiri wa jangwani huchukua redio ya kusemezana na motokaa nyingine, simu itumiayo setilaiti, na kijisanduku ambacho, kikifunguliwa, hupeleka ishara juu mbinguni ionyeshe mahali alipo.

Hata hivyo kuna karatasi moja ambayo vyombo hivyo havijaiondoa. Kabla ya kuondoka, msafiri huandika njia atakayopita, hesabu ya watu na maji, kambi za kila usiku, na tarehe ambayo, asipoonekana, atafutwe. Humwachia karatasi hiyo mtu mwaminifu. Tarehe hiyo haiwi siku ya saba, ila siku ya kumi, akiba itakapokuwa imekwisha. Tena akibadili njia hutoa habari. Kwa kukosa jambo hilo, watu wa Burke walipotea mara ya pili. Walipokwisha kuisoma barua ya Brahe waliweka yao mahali pake, wakafukia shimo vizuri kama lilivyokuwa, wasichonge alama mpya mtini. Tarehe 8 Mei Brahe alirudi kutazama. Aliona mti uleule, maneno yaleyale, na udongo usiochimbuliwa, akaenda zake, na hao wakali hai karibu na kijito.

Basi msafiri anapofika Birdsville, ana vumbi kichwa mpaka miguu, na hamu ya chakula kilichopikwa na mtu mwingine. Walakini kwanza humpigia simu yule aliyeachiwa karatasi, amwambie kwamba amefika. Asipofanya hivyo, eropleni zitaruka kumtafuta jangwani mtu aliyelala kitandani.